Kushoto Tu

Diski ya kompyuta yangu ikikaribia kujaa, ule mstari unaoonyesha nafasi iliyobaki hugeuka mwekundu, na kila anayesimama nyuma ya kiti changu anauona. Mwenyekiti wa kwaya moja, aliyekuja kupanga siku ya kurekodi, aliuona akacheka. "Dada, mashine yako imeshiba."

"Imeshiba, haijavimbiwa," nikamjibu. "Nyie njooni siku yenu, mtarekodi."

Nilisema hivyo kwa sababu sipendi mteja anikague ofisini kwangu. Ukweli ni kwamba ilikuwa imevimbiwa. Nina studio ndogo hapa Kasulu, chumba kimoja upande wa nyuma wa soko. Kazi yangu ni kurekodi kwaya, harusi na misiba, na katikati ya hayo napiga picha za pasipoti. Kila kazi inaacha mabaki. Kwaya ikirudia ubeti mmoja mpaka sauti ya tatu ikae sawa, mimi nabaki na marudio yote. Mteja akishachukua video yake anasahau kwamba niko duniani, lakini thubutu kuifuta, kesho yake atakuja analia kwamba flashi imefuliwa pamoja na suruali. Kwa hiyo sifuti.

Faili kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikuwa la mteja. Lilikuwa la marehemu mama yangu. Nilikuwa nimelirekodi kwa kamera mpya, kwa ubora wa juu kabisa, kwa ule ulimbukeni wa mtu mwenye kamera mpya. Lilikuwa zito kiasi kwamba simu ya kawaida haikuweza hata kulifungua.

Siku chache baada ya mwenyekiti kucheka, wifi yangu alipiga simu kutoka Kumsenga. Huyu ni mke wa kaka yangu, na ndiye aliyekaa na mama katika nyumba yake mpaka mwisho. Tulikuwa tunakaribia siku ya kuanua matanga, ambayo sisi wenye asili ya Burundi tunaiita kuganduka: watu wanakutana, wanasali, wanakula, na msiba unafungwa rasmi.

"Wifi, amahoro?" alisema. "Siku ya kuganduka nataka watu wasikie sauti ya mabukwe. Ile ya siku ile. Nitakuja huko Kasulu kununua vitu, nitaichukua kwenye simu."

Mabukwe ni mama mkwe. Nikamuuliza, "Ipi?" ingawa nilijua vizuri.

"Ile tuliyoamkiana, mimi na yeye."

Nikasema sawa, nikakata simu, nikakaa nikiutazama ule mstari mwekundu. Nilikuwa na wivu. Naandika wazi kwa sababu wivu ukifunikwa unaota ukungu. Wivu wa mume una semina zake kanisani, akina mama wanakaa kwenye mabenchi wanafundishwa namna ya kuumeza. Wivu wa mama mzazi, mtu mzima unamwonea mke wa kaka yako, huo sijawahi kuona semina yake.

Inabidi nieleze waliamkiana vipi. Kwetu wanawake wa umri wa mama hawaamkiani kwa neno moja. Wanaamkiana kwa kuimba, wametazamana, wameshikana mikono chini ya viwiko. Salamu hiyo inaitwa akazehe. Mmoja anarusha maneno, mwingine anapokea, na anayepokea hamsubiri mwenzake amalize, anaingia katikati. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na haigongani. Wanaulizana watoto, shamba, ng'ombe hata kama hakuna mwenye ng'ombe, wanaombeana uzazi na amani. Chai inaweza kuchemka na kumwagika jikoni wao bado wanaamkiana. Na adabu yake ni moja. Salamu ikirushwa lazima ipokewe. Kuiacha idondoke chini ni kumtukana aliyeirusha, tena mbele za watu.

Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, nikarudi nyumbani na Kiswahili cha redioni na shikamoo. Mama akaniitikia marahaba. Ikawa hivyo miaka yote. Nikishuka kwenye bodaboda na mizigo yangu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, umekonda. Wifi yangu yeye alilelewa na bibi yake, akaipata akazehe kama tulivyopata surua, bila kutaka. Akitoka tu shambani au kwao Kitanga, mama alimsikia sauti uani, akainuka, akarusha. Mimi nikiwa nimekaa pale pale na soda yangu.

Siku niliyomrekodi mama nilikuwa nimekwenda Kumsenga kuijaribu kamera. Ilikuja na maiki ndogo mbili za kubana kwenye nguo, moja inaingia upande wa kushoto wa sauti na nyingine upande wa kulia. Ndivyo tunavyofanya harusini: kushoto mchungaji, kulia bwana harusi, ili baadaye ukitaka kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine uweze. Ya kushoto nikambana mama kwenye kitenge. Ya kulia nilitaka kuivaa mwenyewe, nimuulize maswali ya utoto wake. Lakini kamera ilihitaji mtu wa kuishika, na mshikaji ni mimi. Nikaibana kwenye kitenge cha wifi. Kwa mikono yangu hii.

"Ongeeni chochote," nikawaambia. "Najaribu sauti."

Kumwambia mama aanze kuongea na mtu mbele ya mashine bila salamu ilikuwa kama kumwambia aingie kanisani na jembe. Alikuwa hawezi tena kusimama muda mrefu, akabaki kwenye kiti chake cha kamba. Wifi akapiga magoti kwenye mkeka mbele yake. Mama akamshika chini ya viwiko, akarusha, na hawakukoma mpaka betri ilipoanza kulia.

Hiyo ndiyo video pekee niliyo nayo ya mama akiwa na sauti. Mwaka huo huo tukamzika. Na ndani ya video hiyo mimi sipo, isipokuwa kivuli cha mkono wangu mara moja, nikimfukuza kuku.

Sasa nilihitaji mambo mawili: nafasi kwenye diski kabla kwaya haijaja, na nakala ndogo itakayokaa kwenye simu ya wifi. Mpango wangu ulikuwa kulipunguza faili, kisha kulifuta lile zito. Nakala nitakayoitengeneza ndiyo itakayobaki duniani. Nililijua hilo tangu mwanzo, na sikukurupuka.

Nikaanza na ile programu ambayo kila kompyuta ya Kasulu inayo, yenye alama ya vitabu vilivyofungwa mkanda. Imo humo kwa majaribio, na majaribio yake hayaishi. Nadhani nitazeeka bado naijaribu. Nikaipa folda nzima ya barua za wateja na nyimbo zilizochapwa, ikazibana zikawa kiganja. Nikafurahi, nikaipa video ya mama. Feni ya kompyuta ikavuma, mume wangu akaja kuniletea chakula akanikuta natazama asilimia zinavyopanda. Ilipomaliza, faili la zipu lilikuwa na uzito uleule. Tofauti yake ilikuwa kama kumvua tembo kofia.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na hawezi kuona jambo bila kuliuliza swali. "Mbona barua zimekubali na mama amekataa?"

"Video imeshabanwa ndani ya kamera," nikamwambia. "Ukianika muhogo mbichi unapungua. Ukiuanika tena ukishakuwa udaga mkavu, utapungua nini?"

"Kwa hiyo mama ni udaga."

"Kula uondoke."

Nikajaribu nyingine, ya simu, iliyosifiwa sana na vijana wa picha mjini. Ilipunguza kweli, tena haraka, lakini ilimwekea mama chapa yake kwenye paji la uso, na kila baada ya muda ikaleta tangazo la mafuta ya kujipaka. Nikaifuta. Kulikuwa na njia ya tatu, ya mtandaoni: unapandisha video, wanaibana wao huko waliko, unaishusha. Nilikuwa na bando la kutosha. Ila kidole kilikataa. Mama alivuka mpaka akiwa msichana, amebeba kichwani kila alichokuwa nacho, akaapa hatahama tena. Nimpeleke kwenye mashine ya watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, wamkande kisha wanirudishie? Hapana.

Nikaishia kwenye programu ya bure ambayo haina matangazo wala chapa. Ni ya polepole na ina vitufe vingi kama bodi ya umeme, lakini inakuuliza kila kitu kabla ya kukitenda, na mimi napenda kuulizwa. Picha iwe na upana gani. Ubora uwe kiasi gani. Nikachagua, nikajaribu kipande, nikatazama mikunjo ya uso wa mama kama bado inaonekana, nikarudi nikapandisha kidogo. Kazi hiyo ilinituliza. Halafu nikafika kwenye sauti. Programu ikaniuliza kama nataka pande zote mbili, au mchanganyiko, au kulia tu, au kushoto tu.

Nililisoma chaguo hilo la mwisho nikahisi joto masikioni. Kushoto alikuwa mama peke yake. Kulia alikuwa wifi. Sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote, wala mchungaji wala ndugu, kwamba ninaweza kumpata mama peke yake. Huyu wifi aliyemjua mama anavyopenda chai, aliyemwogesha, aliyefuatwa na akina mama wa msibani wakampa pole kabla yangu mimi niliyezaliwa na mama, huyu aliyepewa kitenge cha mwisho alichovaa mama. Kila kitu alikuwa nacho. Nikabonyeza kushoto tu.

Nilipovaa hedifoni nikamkuta bado yumo. Maiki ya mama ilikuwa imemnasa kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Nikacheka kwa hasira. Hata huku! Nikaufungua ule mkanda wa sauti kwenye programu ninayosafishia nyimbo za kwaya, nikaanza kumtoa. Programu ya kusafisha peke yake haikutosha, ilimtafuna na mama pia, kwa hiyo nikafanya kwa mkono: natafuta pale wifi anapopokea, namsikiliza mara kadhaa mpaka nijue anaanzia wapi na kuishia wapi, nakata, nanyamazisha, nasonga mbele. Neno kwa neno. Wateja walikuja wakaondoka na picha zao za pasipoti, mimi nikarudi kwenye kukata. Ilikwenda siku kadhaa. Mume wangu alipouliza ninafanya nini nikamwambia nabana faili, na hakuna uongo ndani yake.

Nilipomaliza nikaliangalia faili jipya. Lilikuwa dogo, jepesi, lingekaa kwenye simu yoyote. Nikafunga mlango, nikalicheza mwanzo hadi mwisho, niwe na mama yangu sisi wawili tu.

Mama akarusha. Kimya. Mama akarusha tena. Kimya. Mikono yake kwenye picha ilikuwa imeshika viwiko vya mtu, midomo ya mtu huyo ilikuwa inacheza, lakini sauti iliyokuwepo ilikuwa ya mama tu, inauliza watoto hawajambo, hakuna anayejibu. Inamwombea mtu amani, hakuna anayeitika. Nikapandisha sauti, kana kwamba tatizo ni sauti. Ikawa mama anaachwa kwa nguvu zaidi. Nikazima kabla halijafika mwisho. Hata hivyo sikurudisha kitu. Nilijiambia ni mazoea tu, nitazoea.

Wifi alifika na basi la kutoka Kibondo, ana kapu la maharage na mkungu wa ndizi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nikampokea mizigo, nikampa maji, tukasalimiana kwa Kiswahili kama tunavyosalimiana siku zote. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanitolea simu yake. "Niwekee, wifi. Lakini kwanza nione."

Ningeweza kumwekea tu, akaenda kuisikia kwao. Sijui kwa nini nilimpa hedifoni. Nadhani nilitaka nimwone uso.

Akasikiliza. Mwanzoni alitabasamu kwa kumwona mama. Kisha tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe. Na nikaona midomo yake inacheza, anapokea bila sauti, kila mahali pale pale nilipokata. Alipovua hedifoni akaifuta kwa ncha ya kitenge, mahali pasipokuwa na uchafu.

"Mimi nimeenda wapi?"

"Nimekutoa," nikasema. "Ili faili liwe dogo."

"Limekuwa dogo?"

"Sana."

"Kwa kunitoa mimi?" Akanitazama kwa makini, bila ukali. "Nilikuwa na uzito gani, wifi?"

Hapo ningeweza kumdanganya, yeye hajui kompyuta. Lakini kuna maswali mtu akikuuliza hivyo huwezi. Uzito wote wa video unakaa kwenye picha. Sauti ya mtu mmoja ni makapi. "Hukuwa na uzito wowote," nikamwambia. "Hata wimbo mmoja wa kwaya hufikii."

Nikangoja anitukane, nimjibu, tumalize. Nilikuwa na maneno tayari ya tangu msibani. Badala yake akaugeukia ule uso wa mama uliosimama kwenye kioo, mdomo wazi, umekatizwa katikati ya salamu.

"Mawe!" akasema, yaani mama wee, kama mtu aliyeona mtoto amelala kwenye baridi. "Sasa nani atampokea?"

"Wewe si upo? Ulimpokea maisha yako yote. Ulinyang'anya zamu zote."

"Zamu ipi, wifi? Hukuwahi kuja kuichukua."

"Hakuwahi kunirushia!"

Nilipaza sauti mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Wifi akamngoja aondoke. "Alikuwa anataka," akasema. "Kila ukija. Alinambia, nikimrushia huyu mbele za watu hatajua kupokea, itaanguka chini, watu watacheka mtoto wangu. Ndiyo maana alikusalimu kwa Kiswahili. Alikuwa anakuficha."

Mtu akikuambia jambo kama hilo unatakiwa ulainike. Mimi nikaona wivu upya, wa moto kuliko ule wa kwanza. Hata sababu ya mama kutonirushia alikuwa nayo yeye, ameikalia miaka yote, na mimi napewa dukani kwangu kama chenji. Nikasimama nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nitakurudisha," nikasema bila kumwangalia. "Lile zito bado sijalifuta. Ngoja nitengeneze jingine, pande zote mbili."

"Usilifute lile. Lifiche, tutalisikiliza tukizeeka." Akanyoosha simu yake tena. "Lakini mimi niwekee hilihili."

"Hilihili la kimya kimya?"

"Ndilo ulilotengeneza," akasema. "Mama yako ni wako."

Nikaliweka. Nilifikiri amekubali kushindwa, na nilishangaa kwamba ushindi hauna utamu. Alipokwenda sokoni kununua mchele wa shughuli, nikafuta marudio ya harusi za wateja waliokwishachukua video zao, moja baada ya nyingine, mpaka mstari ukaacha wekundu. Flashi zao wakazilinde wenyewe.

Siku ya kuganduka niliondoka Kasulu na basi la asubuhi, nikapanda bodaboda kutoka Kibondo hadi Kumsenga, nikakuta uwanja wa nyumba ya mama umefagiliwa, turubai limefungwa, masufuria ya ugali na maharage yamepangwa nyuma. Mchungaji akaomba, tukaimba, watu wakala. Kisha wifi akatoa simu yake, akaiunganisha na spika iliyoazimwa kanisani, akaiweka juu ya kile kiti cha kamba.

"Mabukwe anataka kuwaamkia," akasema.

Sauti ya mama ikatoka. Watu wakaacha kutafuna. Mama akarusha salamu yake ya kwanza, na uwanja mzima ukageuka kumtazama wifi, kwa sababu kila mtu pale alijua ni nani huwa anapokea.

Wifi akafumba mdomo.

Kimya kikapita. Mama akarusha tena. Nikasikia akina mama wanaanza kuhangaika kwenye mkeka, wanasogea, wanakohoa, maana salamu ilikuwa inadondoka mbele ya macho yao na hawakuwa watu wa kuvumilia aibu hiyo. Mama mdogo, ndugu wa marehemu, akafungua kinywa apokee yeye. Wifi akamwinulia mkono, taratibu, asubiri. Kisha akaja moja kwa moja nilipokaa, akapiga magoti mbele yangu.

"Siwezi," nikamnong'oneza. "Unataka kunifedhehesha."

Akanishika mikono chini ya viwiko. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara zisizohesabika, najua kila kidole cha mama kilikuwa wapi kwenye mkono wake. Akanishika pale pale.

Mama akarusha. Nilijua urefu wa kimya kitakachofuata, kwa sababu ni mimi niliyekikata. Nilijua kinapoanzia na kinapoishia, kwa pumzi. Na maneno yaliyokuwa yamo ndani yake niliyajua pia. Siku zile zote za kumtoa wifi nilikuwa nimemsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, neno kwa neno, mara kadhaa kila neno, mpaka nikamsikia hata ninapokosha vyombo. Nikafungua kinywa. Ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, na kwa kuchelewa. Mama alikuwa ameshasonga mbele, hakunisubiri, tukagongana. Watoto wa kaka yangu wakacheka. Hakuna mtu mzima aliyecheka.

Wifi akanikaza viwiko. "Anarudi," akasema. "Anakuja kwenye amani."

Na kweli mama alikuwa anakuja. Gira amahoro, akaimba kwenye spika, uwe na amani, kwa sauti ileile iliyoniitikia marahaba miaka yote. Jibu lake nilikuwa nimelikata mara nyingi kuliko jibu jingine lolote, kwa sababu wifi alilivuta: Twese, mawe. Sote, mama. Nikaliimba hivyo hivyo alivyolivuta yeye, na likaingia mahali pake, lote, halikugusa upande wowote. Nilikuwa bado namwonea wivu. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, machozi yanamshuka, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa ili nafasi yote iwe yangu.

Mama akarusha tena. Safari hii sikuchelewa.